Minza Mwenye Sauti Nzito

Mimi Masanja wa Bariadi nilidhani hakuna kitu duniani kinachoweza kunishangaza tena. Nimenunua pamba tangu wanunuzi binafsi walipofunguliwa milango, nikianza na baiskeli na mzani wa kuazima. Nimeuza ng'ombe kuanzia mnada wa Maswa mpaka Lingeka. Nyumba ya bati la rangi, kisima, malori mawili. Vyote kwa mkono wangu huu! Kwa hiyo leo asubuhi niliingia kikao cha wazazi na koti langu la kijivu, nikakaa mstari wa mbele kabisa. (Mstari wa nyuma nawaachia wenye aibu.)

Ilipofika saa tano, nilikuwa nautamani huo mstari wa nyuma kuliko maji.

Nawaandikia mwenyewe hapa kundini kabla hamjasikia kwa wengine, maana wataongeza chumvi.

Shule ya binti yangu Minza, aliye darasa la nne, imeweka masomo kwenye simu. Kila mtoto ana namba yake. Akiwa nyumbani anafungua simu ya mzazi, anajibu maswali, anasoma Kiingereza kwa sauti na simu inamrekodi. Akipatia, nyota zinaruka na sauti ya mwanamke inasema, "Vizuri sana! Twende mbele." Simu inasahihisha yenyewe. Nilidhani mwalimu huona nyota tu.

Sasa niungame. Nyote nimewaambia nilimaliza kidato cha nne Shinyanga. Si kweli. Niliishia darasa la tatu, Mwamapalala. Baba alisema ng'ombe hawana mtu, basi, ikawa imeisha. Miaka mitatu niliwapitisha ng'ombe nyuma ya shule ileile. Nilikuwa nawaacha wale majani karibu na dirisha, nasikia wenzangu wakiimba jedwali la kuzidisha. Nililishika mpaka la sita. La saba lilifundishwa kiangazi, tukiwa tumehamisha mifugo kufuata maji. (Mpaka leo la saba linanisumbua. Natumia kikokotoo.)

Siku ya kwanza ile sauti iliponiambia "Vizuri sana", nilikuwa peke yangu kwenye stoo ya pamba, najaribu zoezi la Minza kwa namba yake. Nikarudia zoezi. Ikaniambia tena. Ndugu zangu, nimeitwa bosi, nimeitwa tajiri. Ila kuambiwa vizuri sana kwa sababu tu nimejibu swali, hiyo nilikuwa naisikia ya wengine, kupitia dirishani.

Nikanogewa! Minza akija, "Baba, naomba simu nifanye zoezi," namjibu, "Bando limeisha, mayu." (Kwa ninyi mlioko Dar: mayu ni mama. Ndivyo Msukuma anavyombembeleza binti yake, hasa anapomdanganya.)

Turudi kwenye kikao. Madam Neema, mwalimu wao wa Kiingereza, alikuwa amefunga projekta na spika kubwa kama za harusini.

"Wazazi, kuna mtoto mmoja amewapita wote. Nyota mia nne na kumi na mbili! Minza Masanja, simama."

Minza akasimama kule nyuma na wenzake, mdomo wazi. Mimi nikapiga makofi kuliko wote! Nikamgeukia Mama Holo, jirani yangu: "Unaona? Hizo ni akili za ukoo wetu."

"Sasa tumsikilize anavyosoma," akasema Madam.

Nikanyoosha mkono. "Madam, muda umekwenda. Tuingie kwenye suala la vyoo."

"Dakika moja tu, Baba Minza."

Akabonyeza.

Kwenye spika ikatoka sauti inayojulikana minada yote: "Dhisi... izi... mai... kau." Ng'ombe akalia. (Ng'ombe wa kweli. Nilirekodia mnadani.) Halafu sauti ya mteja: "Masanja, huyo mtamba bei gani?" Halafu mimi tena, wazi kabisa: "Wewe, subiri! Huoni niko darasani?"

"Khaa!" Mama Holo akasema. "Minza ameota ndevu lini?"

Watu wakavunjika mbavu. Mwenyekiti wa kikao akalaza kichwa mezani, mabega yanatikisika. Mwingine akapaza sauti, "Masanja, hicho kidato cha nne ulisomea zizini?"

Hayo yote ningeyavumilia. Lakini Minza naye akasema, polepole, hata hasira hana: "Baba, ulisema bando limeisha."

Nimewahi kuchomwa pembe na dume. Afadhali lile dume.

Nikasimama. "Madam, nyota ni zangu. Mtoto wangu hana kosa, simu nilimnyima mimi." Nikakaa. Hapo hata Mama Holo hakucheka.

Kikao kilipoisha, Madam akanifuata kwenye lori, Minza yuko pembeni yake amenuna. Nikajua anakuja kunisema.

"Baba Minza, zoezi la kumi na moja umelirudia mara kumi na tisa."

"Nisamehe, Madam."

"Hakuna mwanafunzi wangu aliyewahi kurudia hivyo. Ungependa kuendelea?"

Nikainama kukagua tairi. Tairi lilikuwa zima kabisa. Nikalikagua muda mrefu.

"Mwandikishe tu, Madam," Minza akasema. "Ila apewe namba yake, aache yangu. Na simu jioni ni ya kwangu."

"Jioni yako, mayu. Mimi nitasoma alfajiri."

Basi, chekeni leo mmalize, maana kesho alfajiri nina zoezi. Risiti niliyopewa inasomeka: ada ya masomo ya simu, mwanafunzi mpya, Masanja, darasa la nne, muhula mmoja: shilingi elfu kumi na nane na mia tano.