Mapinduzi ya Friji Ipogolo

Tulieni, enyi watu wa Ipogolo, nanyi mlioshuka kutoka Nyololo na mablanketi mabegani. Mwenye kikohozi akohoe sasa, mwenye ugoro aunuse sasa, kwa maana nikianza kusimulia jinsi Halfani bin Yunusu, simba wa duka la vitenge, alivyopigana na friji, sitarudia.

Ulikuwa mwaka wa hamsini na saba, mwezi wa Julai, ambao Iringa hata mbwa hubweka kwa kutetemeka. Katika mwezi huo, na si mwingine, Halfani alimwandikia mama mkwe wake, Mwanakhamisi wa Tanga, aliyeapa tangu siku ya posa kwamba bintiye anapelekwa porini: "Mama, njoo ujionee. Kwangu utakunywa maji yenye barafu." Mama akajibu: atafika Jumamosi. Na friji, lile jitu jeupe linalokunywa mafuta ya taa na kupumua baridi, likagoma Jumatano.

Halfani alilishambulia kwa kila silaha. Akakata utambi hadi moto ukawaka samawati. Akafuta masizi ya bomba, akaibuka na uso kama sufuria ya bwenini. Akatia mkono ndani. Joto! Siagi ilikuwa inaogelea.

"Nje kuna baridi kuliko humo," akasema mkewe, Rukia. "Siagi tuiweke barazani, sisi tuhamie ndani ya friji."

"Rukia, usinicheke mbele ya adui!"

Alhamisi akaitwa Isakwisa, shujaa wa Rungwe, aliyewapikia wazungu wa mashamba ya chai miaka sita na kutukanwa kwa lugha tatu. Akaligonga friji ubavuni, akasikiliza kama mganga.

"Bwana Halfani, damu yake imeziba tumboni. Tulipindue."

"Tulipindue?"

"Kichwa chini, miguu juu, mpaka kesho. Kule kwenye chai tulikuwa tunapindua kila mwaka. Lakini sisi watatu, pamoja na mkeo, hatuliwezi. Tafuta wa nne."

Halfani akaenda sokoni, akasimama katikati ya viazi, akanguruma: "Leo saa tisa, nyumbani kwangu, tunapindua! Nani yuko pamoja nami?"

Miaka ile, watu wakinong'ona habari za uhuru, neno "kupindua" halikutamkwa hata chooni. Muuza viazi akaingia chini ya meza yake mwenyewe.

Saa tisa kamili alifika mtu mmoja tu: askari Kalinga, kaptula imenyooka kwa pasi, rungu mkononi.

"Kamwene," akasalimu kwa Kihehe. "Nasikia hapa mnapindua."

"Ndiyo, Afande!" akasema Halfani kwa furaha. "Tumepungukiwa mtu mmoja. Shika mguu huu."

Kalinga akautazama mguu wa friji. "Mnapindua hili?"

"Kwani umetuletea jingine?" akauliza Rukia. Halfani akamweleza askari habari za mkwewe na barafu ya Jumamosi.

"Jumamosi nitakuja kuiona hiyo barafu. Nisipoiona, mtakwenda kueleza bomani mlikuwa mnapindua nini," akaonya Kalinga.

Kisha akaweka rungu chini, akashika mguu. Nao wanne wakavuta pumzi, wakaguna, wakamwita kila mmoja Mungu wake kwa namna yake, jitu likayumba, likalalama, likaanguka kifudifudi, na hatimaye likasimama kwa kichwa, huku nyanya mbili zilizosahaulika ndani zikipoteza maisha.

Ijumaa, baada ya swala, wakalisimamisha tena, wakaliwashia utambi wake.

Jumamosi adhuhuri Mwanakhamisi alishuka basini amevaa kanga nne na blanketi, meno yakipiga ngoma. Halfani akafungua friji. Kulikuwa na kipande kimoja cha barafu, ukubwa wa kidole gumba. Akakidondosha katika glasi: kling!

Mama akakitazama. Akanywa. Akatetemeka toka utosi hadi kisigino.

"Ni barafu," akakiri. "Rukia, mume unaye. Sasa, baba, huo moto wa chini ya friji hauwezi kunichemshia chai?"

Na askari Kalinga, aliyesimama mlangoni kofia mkononi, akafungua daftari la serikali, akaandika kwa wino usiofutika: "Alhamisi, saa tisa alasiri, Ipogolo, watu wanne walipindua. Wamefaulu. Wa nne ni mimi."