Mapafu Yangu na Maikrofoni ya Harusi

Jumatatu, 3 Juni
Furaha! Mama mkwe kasema mshereheshaji wa harusi ya Jumamosi, ya binti yake wa mwisho, atakuwa mimi au shemeji, kaka wa mke wangu. Itategemea nani atakuwa na sauti. Na shemeji kaamka na mafua! Nimempa pole huku nikiuma midomo nisicheke.

Jumanne, 4 Juni
Nyumba nzima chafya. Mimi buheri wa afya! Siri: sigara. Nimesoma kwamba wavutaji hawapatwi na mafua makali. Makala ilikuwa ndefu, nimeishia kichwa cha habari. Kutoka sita kwa siku nimepanda hadi kumi na mbili, nyuma ya tangi la maji. Virusi gani vitavumilia moshi ule? Mke wangu kasema nitajiua. Mama mkwe hajui kitu. Harufu anamlaumu jirani.

Jumatano, 5 Juni
Chafya moja. Vumbi tu.
Chafya kumi na nane. Vumbi jingi. Nimeongeza sigara.

Alhamisi, 6 Juni
Shemeji kapona! Maji ya moto na usingizi, basi. Anaimba bafuni makusudi. Mimi homa, kifua kinakoroma, ngazi sita nimepumzika mara mbili.
Mke wangu yuko kazini, kwa hiyo mama mkwe kanipeleka zahanati. Daktari kauliza kama navuta. Mbele ya mkwe? Nimeapa sijawahi hata kushika kiberiti. Kaandika. Kashangaa pia, eti kifua cha namna hii huwa anakiona kwa wavutaji. Siku tano kitandani!

Jumamosi, 8 Juni
Nimesikiliza harusi kwenye simu. Shemeji katoa vichekesho vyangu vyote saba! Wiki nzima nilivifanyia mazoezi kwa sauti, ukuta mmoja na chumba chake. Watu wamevunjika mbavu. Nimelia, nikakohoa, nikalia tena.

Jumapili, 9 Juni
Nimekaa kitako, nikasoma kadi ya zahanati. “Mgonjwa havuti sigara. Mafua makali, kifua kimeathirika sana.”
Nimerudia mara tatu. Ushahidi, tena una muhuri! Asiyevuta ndiye kaumwa hivi!
Nimemwonyesha mke wangu. Kanishika paji la uso, akauliza kama homa imerudi. Wagunduzi wote hudharauliwa na wake zao.
Kuanzia leo ishirini kwa siku. Kiberiti kiko wapi?