Jua la Mwigobero Limeshapangiwa Kazi

Ndugu Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, Ndugu Mwakilishi wa huyo Mwakilishi ambaye naambiwa bado yuko njiani kutoka Bunda, waheshimiwa wenyeviti wa mitaa, wazee wangu wa Butiama mliokuja na fimbo zenu za heshima, wachungaji na makatekista, kina mama waanikaji wa dagaa wa hapa Mwigobero, vijana wa Kamunyonge mliokaa juu ya ukuta kinyume cha utaratibu, mabibi na mabwana: kama kuna niliyemsahau, ajihesabu nimemtaja kimoyomoyo. (Makofi, mstari wa mbele.)

Kwa wasionifahamu, ingawa sidhani kama wapo, mimi ni Baltazari Mwandu, Mratibu Mkuu wa Programu Jumuishi ya Ulinganifu wa Nishati Jadidifu na Matumizi ya Data Senta Mijini, cheo ambacho kabla yangu hakikuwepo, jambo linaloonyesha jinsi kilivyokuwa kinanisubiri. (Jenereta linakohoa. Fredy, fundi wa vipaza sauti, anaongeza petroli.) Asante, Fredy. Wananchi, msiitazame hiyo petroli; hiyo ni nishati ya mpito.

Sasa data senta ni nini? Ni jumba lenye kompyuta kubwa ziitwazo seva, zinazotunza picha zenu, meseji zenu na miamala yenu ya simu, nazo hula umeme usiku na mchana kama ng'ombe aliyeingia shamba la mahindi. Wenzetu wa miji mikubwa duniani wanahangaika, maana jua likiwaka umeme unawazidi, na jua likizama seva zinalala njaa, wanarudi kuchoma makaa ya mawe kimyakimya. Sisi Mara tumesema hapana, sisi tutamechisha, yaani saa kwa saa, kwa mtazamo mpana, shirikishi na wa kimkakati, kile kitakacholiwa na seva ndicho kitakachokuwa kimezalishwa na jua la Musoma, upepo wa Bunda na kinyesi cha ng'ombe wa Butiama. (Mzee Kasmiri wa Butiama anamuuliza jirani yake kama watachukua kinyesi tu au na ng'ombe.)

Ndiyo maana uwanja ule wa ufukweni, hapo pembeni, tuliuzungushia uzio. Nilifika hapa kwa ziara ya kikazi nikaumia moyo, ndugu zangu, nilipoona jua zima, rasilimali adhimu, linamwagika mchana kutwa juu ya dagaa bila mpango kazi wowote. Tafiti zangu mwenyewe zinaonyesha kuwa asilimia tisini na nne ya jua la Mwigobero ilikuwa ikipotelea kwenye samaki wadogo. (Kicheko nyuma. Mratibu anainamisha kichwa kupokea pongezi.)

Naona mama amenyoosha mkono. Mpeni maiki, programu hii ni sikivu.

(Anasimama Rebeka, mwanikaji, beseni la dagaa wabichi miguuni pake. Anaeleza kuwa tangu uzio uwekwe wanaanika kwenye matope ya pembeni, dagaa wanashika uchafu na kuota ukungu, na wachuuzi wamekataa kununua. Juzi amemwaga mzigo wote, na wakiharibika na hawa wa leo, basi kazi imemshinda.)

“Baba mheshimiwa, humo ndani tulikuwaga tunaanika, mawe yake ni masafi. Na sasa hivi humo hamna kitu. Tuache tuanike mpaka hiyo mitambo yenu ije.”

Nakushukuru sana, mama yangu. Hoja yako nimeipokea kwa uzito unaostahili, na jibu ni hapana. Ni hapana kwa sababu ya mafanikio. Tulipoanza, lengo letu lilikuwa ulinganifu wa asilimia sabini, na leo natangaza mbele ya ziwa hili kwamba tumefikia asilimia mia moja. Hakuna saa hata moja, mchana wala usiku, masika wala kiangazi, ambapo matumizi ya data senta yetu yamezidi umeme wetu wa jua. (Makofi, mstari wa mbele.) Sasa wewe unataka uniletee dagaa katikati ya rekodi kama hiyo?

Nikisema “Jua letu”, mnaitikia “Kazini!” Jua letu! (Anayeitikia ni mbuzi.)

Namalizia kwa shukrani. Nawashukuru washauri elekezi ambao, baada ya ziara nne za mafunzo, walishauri tusinunue paneli, maana umeme ungezidi matumizi, wakashauri pia tusijenge jumba wala kuleta seva, maana matumizi yangezidi umeme. Hivyo huku sifuri, kule sifuri, mizani imetulia, na nawasihi tusiivuruge kwa kuanza ujenzi. Namshukuru kipekee fundi wa uzio, ambaye kazi yake inaonekana.

(Wingu linapisha. Jua linatoka kali. Rebeka anajitwika beseni. Mlinzi wa geti la uzio, ambaye mkewe naye ni mwanikaji, anamtazama Mratibu, anamtazama mkewe, anafungua kufuli. Kina mama wote wanainuka.)

Naam, naona mnainuka kunishangilia. Asanteni, asanteni sana, lakini kina mama, jukwaa liko huku. Huko mnakoelekea ni eneo la mradi. Mama Rebeka! Fredy, ongeza petroli, hawanisikii.

(Fredy anamwambia imekwisha. Ndani ya uzio dagaa wametandazwa, na jua limeingia kazini.)