Pini ya Tatu na Birika la Kahawa la Usharika

Ndugu Mhariri wa Gazeti la Wiki la Birch Prairie,

Naomba safu ile unayowapa kila juma wanaolalamikia mbwa wa jirani. Mbwa wapumzike kidogo. Mimi namlalamikia Arlene Skogstad, fundi umeme mwenye leseni ya jimbo la Minnesota na mdomo usiojua kupumzika, ambaye anatuvurugia amani ya usharika siku kumi kabla ya karamu ya samaki.

Kila Oktoba tunalisha watu mia tatu chewa aliyelowekwa magadi, chakula cha asili cha babu zetu, katika ukumbi ulio chini ya kanisa. Kahawa yote hutoka kwenye birika moja la umeme, la chuma, la vikombe mia. Soketi za ukumbi ni za mwaka 1952 na zina matundu mawili. Birika lilikuja na plagi ya pini tatu. Bwana Orville Tveit, mwenyekiti wa baraza letu, aliichukua plagi, akaikata pini ya tatu kwa msumeno wa chuma, ikaingia. Tangu siku hiyo, miaka kumi na tisa, tunakunywa kahawa.

Sasa Arlene anadai pini ile haikuwa pambo. Ati kazi yake ni kuupeleka ardhini umeme uliovuja, fyuzi ikate kabla umeme haujakutana na mtu. Anataka nyaya mpya ukutani, au birika litupwe. Baraza limekataa, kura tano kwa nne. Mimi naliunga mkono baraza kwa sababu hizi:

1. Drili ya Arlene mwenyewe ina pini mbili! Orville alimbana mbele ya watu wote: "Binti, mbona yako ina mbili? Au mafundi mna umeme wenu?" Unadhani aliona haya? Alisema, "Mzee, drili yangu ina ngozi mbili. Nyaya zimefunikwa, halafu mwili mzima ni plastiki. Waya ukikatika humo ndani, hakuna chuma cha kuuleta umeme mkononi mwangu. Ona alama hii, mraba ndani ya mraba. Birika lako ni chuma tupu, na wewe ndiye uliyelikata mguu wa kukimbilia."

Huu ni ubaguzi. Pini mbili ni pini mbili. Hata hivyo, kwa kupenda haki, baraza limelipa birika ngozi ya pili: kina mama wa kikundi cha ushonaji wamelitengenezea koti la pamba lenye maua, na Orville amechora tumboni mwake, kwa kalamu nyeusi, mraba ndani ya mraba. Sijui sayansi inataka nini zaidi.

2. Anasema birika linapiga shoti. Huo ni uchongezi. Kwetu hatusemi linapiga, tunasema linatekenya. Mwanamke akiolewa katika usharika huu, kabla hajajua kitabu cha nyimbo kinawekwa wapi, hufundishwa: mkono mmoja kwenye birika, wa pili mfukoni mwa aproni, na usiguse bomba la maji, lililozama ardhini, hata kama sinki linafurika. Siku ya Pasaka, Bi. Dolores Kvam, mwenye miaka sabini na mmoja, alisahau. Akagusa bomba. Tulimwokota kwenye rundo la viti.

"Umeumia, Dolores?"

"Aa, si mbaya sana. Nani alisema hataki sukari?"

Kama mwathirika mwenyewe anasema si mbaya sana, Arlene ni nani? Najua wageni watasema watu wa hapa husema hivyo hata ghala likiteketea. Kweli. Nimelisikia neno hilo makaburini, kutoka kwa mjane. Lakini ushahidi ni ushahidi.

3. Umeme mbovu upelekwe ardhini. Ardhi ya nani? Hatua ishirini kutoka jikoni wamelala babu zetu waliovuka bahari kutoka Norway. Hawakuja huku kupokea mabaki ya birika. Ni heshima zaidi mabaki hayo wayapokee walio hai, hasa wanawake, ambao wamezoea kupewa kila kitu ambacho wanaume hawakitaki.

4. Ukuta. Mbao zake zilipigiliwa na wanaume wa usharika mwaka 1974, na Orville alimwaga machozi aliposikia zitabanduliwa. Nimewaza sana juu ya hili. Ukuta ukitobolewa, tundu linabaki na kila mtu analiona. Dolores akirushwa, anainuka, anajipangusa sketi. Baraza lilipaswa kuchagua nani aumie, likamchagua asiyelalamika. Ndiyo busara ya uongozi tangu zamani, nami nimesoma historia ya kutosha kuitambua.

5. Kwa hiyo naomba pini zote za tatu za mji huu zikatwe, tuanzie hospitalini, maana huko ndiko woga ulikozidi. Na wale watano waliopiga kura ya kuliamini birika wapewe heshima wanayostahili: siku ya karamu wamimine kahawa wao, mkono mmoja kwenye birika, mwingine kwenye bomba, mguu peku kwenye sakafu iliyotoka kupigwa deki. Najua haitawezekana. Si kwamba wanaogopa, la hasha. Ni desturi tu: kwetu wanaume hawamimini kahawa.

Nisalimie wachapaji wako, mkeo, na wale majirani wenye mbwa. Msalimie pia Mchungaji, ambaye katika jambo hili ameombea pande zote mbili kwa sauti moja.

Ni mimi, msomaji wako asiyechoka,
Conrad Haugdal,
Mtaa wa Tatu, Birch Prairie

Tanbihi: Nilikuwa nalamba bahasha nilipopigiwa simu. Ratiba ya karamu imebandikwa, na kwenye zamu ya birika wameandika jina la mke wangu, Verna. Bwana Mhariri, mmoja wa wale watano ni mimi. Nilinyoosha mkono kwa sababu Orville alikuwa ananitazama, na kwa sababu ilikuwa karibu saa ya chakula. Nimeshampigia Arlene, anakuja kesho asubuhi na nyaya zake, nami nitamfungulia mlango wa nyuma. Ikiwa gazeti lako lina nafasi ya mstari mmoja tu, itupe barua yote uchape huu: kina mama, msiliguse birika lile.