Bastola ya Mti wa Maboya

Jumatatu, 9 Juni 2025

Selina mdogo wangu, huna haya! Tangu mavuno ya mwaka juzi hujakanyaga Kisesa. Ndiyo maana nakuandikia humu daftarini, uje usome uone aibu. Kibaka kaninyang'anya simu sokoni Mkuyuni, kaichomoa kifuani mchana kweupe. Nathaniel mwanangu kasema basi, Jumapili jioni anakuja na gari kunihamishia kwake Buswelu. Mimi! Nyumba hii nimeijenga kwa dagaa wangu. Halafu mkewe Hellen anaosha hata nyanya kwa sabuni. Siendi. Nanunua bastola.

Jumatano, 11 Juni

Duka la silaha, mjini. Muuzaji kaniamkia vizuri, akauliza nimemsindikiza nani. Nimejisindikiza! Nikamwambia nataka ya kila siku, ya kuficha ndani ya kitenge. Zote nzito kama pasi ya mkaa. Akasema zipo za kuagiza, chuma chepesi, mpini unachongwa kufuata kiganja cha mwenyewe. Hiyo hiyo! Nikanyoosha kiganja apime. Hakupima. Kwanza kibali, bibi, na kibali kinaanzia kamati ya ulinzi ya kwenu. Mwenyekiti si Mashimba? Mashimba niliyemfuta kamasi! Kibali ninacho tayari.

Alhamisi, 12 Juni

Mashimba kasema kamati inakaa Jumatatu. Kamasi hazikumbuki. Haya, mazoezi ya kuibeba. Masele seremala kanichongea ya mfano kwa mninga. Ikanishusha kitenge mbele ya katekista! Kachonga nyingine kwa ule mti wa ziwani ambao wavuvi wanafanyia maboya. Nyepesi kama andazi. Nikaipaka rangi ya viatu, nyeusi tii kama ya kweli. Nikaiweka kifuani, jirani yangu Dorcas akauliza kama nina jipu. Wivu. Yeye ana mbwa tu. Nimeifunga kwenye pindo la kitenge, kiunoni. Haionekani kabisa.

Jumapili, 15 Juni

Ibada nzuri mpaka sadaka. Obedi, mzee wa kanisa, kafika na kapu. Nikafungua pindo nitoe sadaka, maana hela zangu zote nafunga hapo hapo tangu usichana. Mkono ukatoka na bastola. Obedi akanikabidhi kapu zima! Kwaya ikalala chini, soprano juu ya besi. Mchungaji akasema, akiwa nyuma ya madhabahu, kwamba Bwana anaona. Nikaigonga kwenye benchi wasikie ni mti. Wakazidi kulia. Dorcas akapiga yowe mpaka sungusungu wakaja na marungu. Wakaitupa kwenye ndoo ya maji. Ikaelea.

Nathaniel kaja na gari. Kashika kichwa. Nimemwomba angoje kamati. Kangoja.

Jumatatu, 16 Juni

Wameninyima, wote. Mashimba kasema mama, ya mti tu umeteka kanisa, ya chuma utateka wilaya. Nathaniel akanyanyuka kwenda kufunga godoro langu. Ndipo Obedi akaomba kusema. Kasema tangu jana Kisesa nzima inaambiana bibi ana silaha. Kibaka gani ataingia kwake? Hata yeye Obedi haingii! Nathaniel akacheka mpaka akakaa chini. Kaondoka na gari tupu. Nabaki kwangu! Sharti moja: nisibebe tena bastola, hata ya mti. Nimeapa mbele yao.

Jumanne, 17 Juni

Nimeapa bastola. Bunduki hawakuitaja.

Asubuhi nimekwenda kwa Masele. Ndefu, nyepesi, ya kuviringisha ndani ya mkeka. Dorcas na mbwa wake watajuta. Selina, ukija, lete rangi nyeusi ya viatu, makopo mawili. Moja halitafika mwisho wa mtutu.