Supu ya Kumwamsha Baba

Jumatatu, 4 Machi

Nimepata! Nimepata kabisa! Ngoja niandike kabla akili haijapoa.

Hali ilivyo: Baba karudi kutoka hospitali lakini ni kama hajarudi. Analala chali, anatazama dari. Ukimuuliza anataka nini, anasema hamna. Mpishi mkuu wa kantini ya kiwanda, mtu aliyelisha zamu ya asubuhi, ya mchana na ya usiku, sasa anakula mkate na chai kama mfungwa. Jikoni hajakanyaga.

Leo Dada na mumewe wamefika na hukumu yao. Jumapili wanamchukua akaishi kwao, mji mwingine. Mpaka siku hiyo wanalala sebuleni, mimi nimehamishiwa jikoni na godoro langu. Shemeji ni seremala, hatoki bila futi mfukoni. Kabla hajamaliza kusalimia alikuwa ameshapima kitanda cha Baba.

Nikapinga. Dada akasema mimi kujilisha mwenyewe ni taabu, nitamlisha nani. Shemeji akaongeza kwamba siku nilipojifundisha umeme mtaa mzima ulilala giza. Uongo! Nyumba nne tu.

Mwisho Dada akalainika. Basi, akasema, Baba akisimama jikoni mwenyewe kabla ya Jumapili, ashike mwiko, apike hata yai, nitajua kapona na namwacha hapa hapa. Kasema mbele ya shahidi. Shahidi ni Shemeji, lakini shahidi ni shahidi.

Sasa mpango. Mimi saikolojia nimejisomea, kitabu kizima isipokuwa sura za mwisho zilizochanika. Mtu aliyelala moyo haamshwi kwa kubembelezwa. Anaamshwa kwa hasira! Na Baba hukasirishwa na nini? Mapishi mabaya. Huyu mtu aliwahi kutoka bafuni mbio na povu masikioni, taulo kaishika mkononi, kwa sababu tu alisikia kitunguu changu kinaungua. Na katika mapishi yote, kitu anachokionea wivu kuliko wanawe ni supu yake ya njegere kavu na mfupa wa paja la nguruwe. Supu ya Jumatano. Watu walikuwa wanaacha mashine zinaunguruma, wanakwenda kupanga foleni.

Kwa hiyo nitaipika supu ile. Nitaipika VIBAYA. Atanyanyuka kuja kuninyang'anya mwiko, Dada ataona kwa macho yake, mchezo umekwisha!

Nisipofaulu nabaki peke yangu na mwangwi. Hapo sitaki hata kufikiria.

Jumanne, 5 Machi

Buchani. Muuza nyama anafahamiana na Baba tangu mimi sijazaliwa. Akauliza, kwa sauti, kama mimi si ndiye niliyemtengenezea redio ikawa inakohoa tu. Foleni nzima ikacheka. Nikamwambia redio ile ilikuwa imekufa kabla haijanifikia. Akasema ndiyo, na mimi nikaizika.

Nikameza. Mwenye shida hana kiburi. Akanikatia mifupa miwili ya paja, iliyokaushwa kwa chumvi na moshi, nyama nene bado imeng'ang'ania. Halafu mahubiri. Niiloweke usiku kucha na maji yale nimwage, maana ndani mna chumvi ya kutosha harusi. Nisiongeze chumvi nyingine mpaka nimeonja mwishoni. Moto mdogo. Nikoroge mpaka chini kabisa, maana njegere zilizopasuliwa huzama zikashika sufuria kama saruji.

Nilimshukuru mpaka akashangaa. Kila neno nimelihifadhi ili nilipindue! Kanichorea ramani ya maangamizi, mwenyewe hajui.

Akauliza Baba anaendeleaje. Nikasema yuko mbioni kusimama. Akasema nimwambie buchani pamepoa tangu aache kuja, hakuna wa kubishana naye. Sijamwambia. Nilikuwa na haraka.

Jumatano, 6 Machi

Msiba. Msiba wa aina yake.

Mbinu ya leo ilikuwa moto peke yake, chumvi niliiweka akiba. Njegere, mfupa, karoti, vitunguu, maji, moto juu kabisa. Kukoroga marufuku. Nikafunika, nikaenda kukaa kwenye ngazi kusubiri harufu.

Harufu haikuja. Kumbe gesi ilikuwa inakata roho mtungini! Moto ukashuka wenyewe, ukawa mdogo, mpole, wenye adabu zake. Na mfupa je? Dada aliukuta mezani jana, akaona unatia kinyaa, akautumbukiza kwenye beseni la maji mpaka asubuhi. Hakuniuliza! Hii nyumba kila mtu anaingilia kazi za watu.

Nikafunua. Njegere zimeyeyuka zikawa uji mzito, laini. Nyama imeachia mfupa bila kuguswa. Nikaonja. Nikataka kulia. Supu bora kuliko zote nilizopika maishani, na nimeipika siku niliyokusudia kuua.

Baba alikula vijiko viwili, akasema inatosha, akarudi kwenye dari yake. Shemeji alikula mabakuli matatu. La mwisho alilifuta kwa mkate, kisha akalifuta na langu.

Dada ndiye aliyeniponza. Kijiko kimesimama hewani, macho yamejaa maji. Akasema hii ni ya Baba. Huu si mkono wako. Baba kaamka? Kaamka kapika?

Hapo shetani akanipitia. Nikasema ndiyo.

Alivyokimbia! Kiti kikaanguka. Nikamsikia chumbani akiita Baba, Baba, na Baba akijibu taratibu kwamba hajashuka kitandani tangu asubuhi, kwani kuna nini. Dada akarudi, akakiinua kiti, akaosha vyombo vyote bila kunitazama, mpaka vile vilivyokuwa safi. Shemeji akaniambia, bwana mdogo, hapo umevuka mpaka. Kaniambia hivyo huku ana njegere kidevuni.

Naona kosa lilipo. Supu ilikuwa nzuri mno. Mtu atasahihisha nini? Kesho silaha nzito.

Alhamisi, 7 Machi

Mtungi mpya wa gesi. Dada na Shemeji wametoka mjini kutwa. Mfupa wa pili, mkavu vile vile ulivyotoka buchani, haujaona tone la maji. Chumvi kwa konzi. Moto mpaka sufuria ikatetemeka.

Moshi! Mweusi, mnene, wa heshima. Nilikuwa naupepea kwa kifuniko uingie chini ya mlango wa Baba. Nikatega sikio. Hata kikohozi hakuna. Aliyekuja ni jirani wa juu, mwanamke mwenye mikono kama makasia, na ndoo. Hakuuliza swali. Alimwaga. Jiko halikupata hata tone, godoro langu ndilo lililopata. Akasema kama nimechoka kuishi nihame kwanza.

Sikukata tamaa. Nikapakua. Ukikisimamisha kijiko ndani, kinasimama. Rangi ya lami. Nikampelekea Baba, nikakaa kitandani pembeni yake, karibu kabisa, nimwone vizuri. Pua, nyusi, taya. Nilisubiri kikunjike kitu chochote.

Akala kijiko. Akala cha pili. Vile vipande vilivyoungua alivitafuna. Mimi nilionja kwa siri nikatema kwenye mkono wa shati: bahari iliyoungua! Yeye anakula tu, taratibu, ananitazama. Akaniuliza siku hizi natengeneza nini. Nikamwambia kula, Baba. Akaanza kunisimulia siku yake ya kwanza kantini, alivyopewa sufuria refu kuliko yeye. Sikusikiliza vizuri, nilikuwa kwenye nyusi. Bakuli likaisha. Akasema asante, mwanangu, niongezee kidogo.

Nikamwongezea.

Sielewi. Labda hasira zake zimechelewa njiani.

Ijumaa, 8 Machi

Miguu ya Baba imevimba kama mikate. Anahema kama kapanda mlima, na kalala. Dada alimwona kwanza. Sipendi kuandika sauti aliyoitoa.

Shemeji alitafuta gari. Hospitali, benchi, muuguzi mfupi mwenye macho makali. Akauliza mgonjwa kala nini jana. Dada akageuza shingo kunitazama, polepole, kama mlango wenye kutu.

Muuguzi akasema moyo ule na chumvi ni maadui, na tuliambiwa tangu siku anaruhusiwa. Aliambiwa nani? Siku hiyo nilikuwepo mimi. Lakini nilikuwa nimeinama natengeneza gurudumu la kiti cha wagonjwa. Halikuwa na tatizo, ila lingekuja kuwa nalo.

Akamgeukia Baba: mzee, chumvi yote ile hukuisikia? Baba akasema hasikii. Ladha hasikii, harufu hasikii, tangu alipougua. Mkate, chai, supu, vyote ni karatasi. Dada akauliza mbona hukutuambia. Baba akasema yeye mpishi, kitu kama hicho atamwambia nani.

Akachomwa sindano ya kutoa maji. Dada akiwa amemshika miguu akauliza, sasa Baba, kama hukusikia ladha, ya nini kumaliza? Ya nini kuomba tena? Baba akanionyesha kwa kidevu. Kwa sababu huyu alikaa, akasema. Tangu nirudi anapita tu mlangoni na bisibisi. Jana alikaa mpaka mwisho. Nilitaka asiondoke.

Muuguzi akajifanya kutafuta pamba.

PUA IMEKUFA! Ndiyo maana moshi haukufanya kazi! Kumbe mpango wangu haukuwa na kosa lolote, njia tu ndiyo ilikuwa imeziba. Niliona nafuu ambayo siwezi kuieleza.

Jumapili, 10 Machi

Wameondoka.

Shemeji alimbeba mgongoni ngazi zote. Hakunitania hata mara moja. Nilimpa nafasi nyingi, nilijikwaa makusudi, hakusema kitu. Ningependa angesema.

Kwenye gari Baba alinishika mkono wa shati. Akasema nije Jumapili ijayo, nisijisumbue kubeba chochote. Dada akachomoza kichwa dirishani akakazia: umesikia? Usilete chakula, usilete dawa, usilete akili zako. Lete makalio yako tu, ukae.

Nimerudi ndani. Nimekohoa chumbani kwa Baba kujaribu. Ndiyo, mwangwi upo.

Supu iliyobaki imeganda. Nimeikata kwa kisu, nikala kipande nimesimama, maji glasi kwa glasi.

Jumapili, 17 Machi

Naandika ndani ya basi, samahani kwa mwandiko.

Nilifika asubuhi na gunia: sufuria nne, vifuniko, mwiko wa chuma. Maana nimegundua! Pua ya Baba imekufa, ulimi umekufa, lakini masikio mazima! Nilihakikisha kwenye simu: nilimwita, akaitika. Na mpishi husikia supu inaposhika chini. Baba alikuwa anasikia kutoka chumba cha pili, anapiga kelele koroga wewe!

Dada akafungua mlango, akatazama gunia. Akauliza hiyo nini. Nikasema dawa. Akasema we mtoto, Mungu anakuona. Lakini akanipisha.

Baba alikuwa ameamka mapema, kanyolewa ndevu, kavalishwa shati la kola. Akatabasamu kabisa! Akapigapiga godoro pembeni yake. Nikamwambia nakuja sasa hivi, Baba, dakika moja.

Jikoni. Njegere tupu, bila mfupa, bila chumvi, mimi si mjinga. Leo kazi ni ya sauti. Mlango wazi, moto juu, nakwangua chini ya sufuria kwa chuma, napiga vifuniko, naangusha kimoja kimoja. Jirani zao waligonga ukuta, nikawajibu kwa ukuta huo huo. Shemeji akaja mlangoni, akasema kwa sauti ya chini, mzee anakuulizia. Nikasema mwambie bado kidogo, ndiyo kwanza inaanza kushika. Akaja tena: mzee anasema uache tu, uje. Nikasema na aje yeye kuniachisha! Hiyo ndiyo shabaha yenyewe! Shemeji alinitazama kwa muda, kisha akaondoka na hakurudi.

Nilipoingia na bakuli, jioni tayari, Baba alikuwa amelala na shati lake. Alikuwa amejibana upande mmoja kabisa, mbavu zimegusa ukuta, nusu nzima ya kitanda tupu. Dada alikuwa amesimama hapo. Basi la mwisho lilikuwa linapiga honi, nikabeba gunia nikakimbia.

Nimelifikiria njia nzima mpaka sasa. Kwa nini ajibane ukutani kitanda chote kikiwa chake? Jibu ni moja tu: kelele! Zimemfikia, zimemsukuma, mwili umeanza kujibu! Ni suala la kuongeza nguvu.

Wiki ijayo naazima sufuria kubwa la kantini.