Kitanda cha Ghorofa na Kikohozi cha Kufundishwa

Jumatatu, 9 Juni

Nimeanza kuandika shajara. Si kwa kupenda. Maudhi yakikaa kifuani yanapasua mtu, na mimi nimekaribia.

Leo tumeitwa tena kwa afisa ustawi wa jamii, mimi na mama watoto. Tuliachana Februari. Vyombo, makochi, pasi, achukue vyote! Kilichobaki ni binti zetu: Mkubwa na Mdogo, miaka sita, mapacha waliopishana dakika kumi na moja. Kwa sasa wanakuja kwangu mchana tu, wakitoka shule. Mimi nataka walale. Ijumaa na Jumamosi, chini ya paa langu, kama watoto wenye baba. Alhamisi afisa anakuja kukagua watakapolala. Ijumaa anatoa pendekezo lake, na hakimu huwa anafuata hilo hilo.

Kabla hatujatoka akauliza kama tunaandika kwenye lile daftari alilotupatia wiki tatu zilizopita. Linakaa kwenye mkoba wa watoto, linakwenda na kurudi nao. Kila mzazi aandike wamekula nini, wameamkaje, wanaumwa nini. Hayo tu, akasema, huku ananitazama mimi. Kwa nini mimi?

Nje, mama yao akanieleza kwa sauti ya upole (hiyo ndiyo inayonichoma zaidi) kwamba kaka yake amewanunulia watoto kitanda cha chuma. Dukani! Watoto wa seremala walalie mabomba! Damu ilinichemka mpaka nikakosea njia ya kurudi karakana.

Sawa. Nitatengeneza kitanda cha ghorofa. Mbao ngumu, ngazi, nakshi pande zote. Shemeji atajua hajui.

Jumanne, 10 Juni

Kitanda kinapanda. Kazi safi, nasema mwenyewe kwa kuwa hakuna mwingine wa kunisifu.

Watoto walikuja saa nane. Ndani ya daftari, mama yao ameandika ukurasa na nusu. Sikusoma. Tangu mwanzo sijasoma hata mstari. Miaka tisa nimeishi na maneno yake, yananitosha. Nikafungua ukurasa mpya, nikajibu kurasa mbili: habari ya kitanda cha chuma, habari ya kaka yake na tumbo lake, na ile tabia yake ya kusema kwamba mimi sisikilizi. Nyani haoni kundule.

Watoto walicheza karakana. Mkubwa alipanga misumari kwa ukubwa. Mdogo aliokota maranda, yale yaliyojikunja vizuri, akayabandika kichwani, akasema yeye sasa ni bibi harusi. Nikacheka. Sikupanga kucheka.

Walipoondoka Mdogo alikuwa anakohoa. Maji baridi hayo. Huko kwa mama yao hakuna usimamizi.

Jumatano, 11 Juni

Kitanda kimekamilika saa nne asubuhi. Saa nne na robo nimegundua hakipiti mlangoni.

Nimekisimamisha. Nimekilaza. Nimejaribu dirisha. Jirani yangu, fundi rangi, akasimama na kikombe cha chai kuangalia sinema ya bure. Akaniuliza kwa adabu kama nilipima mlango. Huo mlango niliutengeneza mimi! Naujua kama kiganja changu! Akanywa chai yake, akasema basi huenda kitanda ndicho sikijui. Simsalimii tena.

Nimekibomoa, nimekiunga upya humo humo chumbani. Viungo vilichubuka, kwa hiyo nimepiga randa humo humo, nimepiga msasa humo humo, na vanishi juu. Dirisha nimelifunga nzi wasinate. Maranda yamefika kwenye vifundo vya miguu. Kisha nikakumbuka kwamba afisa atapita uani kwanza, na uwanja wangu ni aibu. Akili! Vipande vya mbao, misumeno ya zamani na magunia mawili ya unga wa mbao nimevisukuma chini ya kitanda. Mbele nimetundika shuka la maua. Hakuna atakayejua.

Mama yangu mzazi alipita jioni. Alisimama kizingitini, akaangalia chumba muda mrefu.

"Fagia, baba," akasema.

Nikamwonyesha nakshi, ngazi, kingo za kuzuia mtoto asianguke. Akasema tena fagia. Kitanda hakukisifu kabisa! Kikulacho ki nguoni mwako. Najua yeye na mama watoto bado wanapigiana simu.

Nilifagia katikati.

Alhamisi, 12 Juni

Sijui nianzie wapi.

Niliwachukua watoto shule mapema, tukafanya mazoezi. Mkubwa aseme kitanda ni kizuri na kwa baba ndiko nyumbani. Mdogo apande ngazi huku anatabasamu. Mara tatu walifanya bila kosa, mlangoni, nje, kwa ngazi yangu ya kazi.

Afisa akaja saa tisa. Uwanja ukamfurahisha, nikaona. Akaomba daftari, akalipitia, akabaki nalo. Tukaingia chumbani, akamwuliza Mkubwa anakionaje kitanda. Mkubwa akasema baba ametuambia tuseme ni kizuri. Akafikiri kidogo, akaongeza kwamba lakini ni kizuri kweli. Mtoto kama huyo utamfanya nini!

Mdogo akapanda. Ngazi ya tatu akaanza kukohoa. Ngazi ya nne akashindwa kuendelea. Afisa akambeba mpaka nje, akafungua mfuko wa pembeni wa mkoba wa shule, akatoa kichupa cha dawa ya kuvuta, akamwekea mdomoni. Moja kwa moja, bila kutafuta! Amejuaje kipo humo? Wamepanga!

Nikamwambia usoni. "Amefundishwa huyu. Mama yake amemfundisha kukohoa mbele yako."

Afisa hakupandisha sauti. "Baba, mtoto wa miaka sita anafundishwaje kugeuza rangi ya midomo?"

Akarudi ndani peke yake, akainua shuka la maua, akaandika kwa muda mrefu. Unga wa mbao ulimjaa kwenye viatu.

Mama yao ni fundi kuliko nilivyodhani. Mdogo alinishika kidole muda wote alipokuwa anavuta dawa. Alikishika kwa nguvu. Hilo sijui kama nalo alifundishwa.

Ijumaa, 13 Juni

Ofisini. Shemeji amekaa kwenye benchi nje ya mlango, anazungusha funguo za gari kidoleni. Mtu wa kitanda cha chuma, hajui hata msumari unaingilia wapi, lakini yuko pale amejaa benchi zima.

Afisa aliweka daftari mezani. Akasoma kurasa za mama yao kwanza, taratibu, kana kwamba mimi ndiye niko darasa la kwanza. Tarehe hii, Mdogo amekohoa tangu alipotoka karakana. Tarehe hii, daktari amesema ni vumbi la mbao. Dawa iko mfuko wa pembeni. Tafadhali wacheze uani, si ndani. Tarehe hii, tafadhali, wacheze uani. Tarehe hii, tafadhali.

Tafadhali tatu nilizihesabu.

Kisha akasoma zangu. Tumbo la shemeji. Mabomba. Sauti ya mama watoto siku ya Jumatatu. Tumbo la shemeji tena. Kurasa kumi na nne. Akalifunga, akasema katika kurasa zote hizo watoto hawamo. Nikataka kubisha. Nikakumbuka maranda kichwani kwa Mdogo, lakini hilo nililiandika huku, si kule.

Pendekezo lake: waje mchana, wakae uani, wasilale. Baada ya wiki nne atakagua tena. Akikuta chumba hakina vumbi, waanze kulala Jumamosi.

Nilisubiri mama yao ashangilie. Hakushangilia. Angeshangilia ningejua pa kushika.

"Sijawahi kukunyima watoto," akasema. "Ondoa vumbi tu, watalala."

Tu! Eti tu! Mtu anakuja na neno dogo kama hilo, analiweka mezani, na ofisi nzima inamwona malaika.

Watoto walikuwa kwenye geti la ofisi na mwalimu wao aliyewaleta, wakisubiri. Mdogo akaniuliza kama kuna mtu mwingine atalala kitanda cha juu. Nikasema hakuna. Akasema basi atasubiri. Nikawaaga haraka, nikapita njia ya nyuma nisikutane na mtu.

Jumamosi, 14 Juni

Nimeamka na akili mpya. Wiki nne zote za nini? Nitawanyamazisha kwa siku mbili!

Vumbi linatoka karakana hapo ubavuni, linaingia chumbani. Dawa yake ni ukuta. Ukuta wa mbao, toka sakafuni mpaka darini, usiopitisha hata pumzi. Nausimamisha kwa ndani, upande wa kitanda, ili uonekane mara afisa anapoingia. Nakata humo humo, napiga randa humo humo, napiga msasa humo humo. Dirisha na mlango nimefunga kabisa, vumbi la nje lisiingie.

Saa tatu asubuhi mama yangu alikuja na ufagio mpya. Aliuegemeza kizingitini, akaondoka. Nimekasirika, lakini nimeuchunguza. Mpini wake umenyooka vizuri, mti mgumu. Nimeukata, nimeufanya kishikio cha ngazi, upande wa Mdogo, asiteleze akija. Kichwa cha ufagio nimekitupa chini ya kitanda pamoja na vingine.

Ukuta umefika nusu. Siuoni vizuri hata msumeno mkononi mwangu. Na tangu asubuhi nakohoa mfululizo, machozi yananitoka. Yule mwanamke! Sijui mimi amenifundisha lini.